Nilidhani ni nyumba ndogo, kumbe ni baiskeli!

Mguu wangu wa kulia unauma kidogo na sababu utaijua mbele ya safari. Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumzia wivu. Ahadi ni deni, nalilipa, ila wivu wenyewe una magurudumu mawili na betri, kwa hiyo vumilia, tutafika.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua kwamba sisi ni watu wa Upanga, kwenye fleti, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Gari tuliliuza mwaka 2022 mama mkwe alipofanyiwa upasuaji, na hilo sijawahi kulijutia hata siku moja. Mimi ofisi yangu iko Posta, natembea kwa miguu. Baba watoto ni mhasibu, kazi yake iko Masaki, kama kilometa 7 kutoka mlangoni kwetu. Tulikaa chini tukakubaliana kwenye bajeti: shilingi 10,000 kwa siku za bajaji, elfu tano kwenda na elfu tano kurudi. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni shilingi 220,000 kwa mwezi. Inauma, lakini nikajisemea mtu mzima na mkoba wake na shati la kupiga pasi, utamning'iniza kwenye mlango wa daladala?

Basi bwana, mwaka jana kuanzia mwezi wa tano hivi, mambo yakaanza kubadilika. Mzee akawa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nikimuuliza, "Foleni." Begi lake likawa na shati la pili na taulo. Jioni anarudi amechoka lakini anapiga mluzi. Tumbo likaanza kupungua, mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari. Marashi niliyomnunulia Idi, ambayo yalikaa kabatini hayajaguswa, yakafika nusu chupa.

Shosti wangu, wewe ungesemaje? Mume wa miaka 46 anaondoka gizani na taulo! Niliwaambia rafiki zangu wawili, kosa ambalo kila mwezi nawakataza nyinyi. Wa kwanza akasema nikague simu. Wa pili akacheka akaniambia, "Hiyo ni nyumba ndogo, tena ina bafu." Nilicheka naye, lakini usiku ule sikulala. Wala usiku uliofuata.

Ikafika Desemba. Natafuta viatu vya shule vya binti yetu juu ya kabati, nikashusha boksi la viatu vyake vya harusi, vile ambavyo havimwingii tena. Ndani mna bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna noti za elfu kumi kumi. Nilizihesabu mara tatu: shilingi 1,210,000. Nikakaa kitandani na boksi mapajani mpaka adhana ya magharibi.

Usiku ule, watoto walipolala, nilimwekea ile bahasha mezani mahali pa sahani. Akaiangalia. Akaniangalia mimi. Akasema, "Mama watoto, hiyo ni baiskeli."

"Baiskeli gani?"

"Ya umeme."

Nilicheka. Halafu nikalia. Halafu nikakasirika upya. Kumbe kwa miezi saba hakuwa anapanda bajaji. Asubuhi alikuwa anatembea kwa miguu, anavuka Daraja la Tanzanite na jua linachomoza, anashuka Coco Beach, anaingia Masaki, anaoga ofisini na kubadilisha shati. Jioni akichoka anabanana kwenye daladala kama wengine. Fedha iliyobaki anaitia kwenye bahasha.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akanyamaza sana. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka yananikaba. "Tangu tuuze gari, kila asubuhi unaponihesabia ile elfu kumi, najiona kama mtoto anayepewa hela ya shule. Nilitaka hili nilifanye mwenyewe."

Wapo watakaosema nilipaswa kufurahi: mume mwenye kubana matumizi, afya imerudi, mwanamke mwingine hayupo. Kweli. Lakini nami nilikuwa na hoja yangu na nilimwambia: uongo wa kheri ni uongo vilevile, na usingizi wangu wa miezi saba nani atanilipa? Alikuwa amejitunzia heshima yake kwa kunikodisha mimi wasiwasi. Tulizungumza mpaka saa nane usiku. Mwisho nilitoa shilingi 400,000 kutoka kwenye kikoba changu nikazichanganya na zake, kwa sharti moja: tunaichagua wote. Na hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ya baiskeli za umeme, mimi ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la sita.

Kwanza niwaondoe hofu wanaochanganya. Siongelei pikipiki za umeme. Baiskeli ya umeme ninayoisema unainyonga kama kawaida, ila kuna mota ndogo inayokusukuma ukinyonga. Ukiacha kunyonga nayo inaacha. Si kitu kipya, maana Mmarekani mmoja alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma mwaka 1895. Hizi za kusaidia pedeli zililetwa sokoni na Yamaha kule Japani mwaka 1993. Kwa sheria za Ulaya, ambako nyingi zinazotufikia zilitengenezewa, mota isizidi wati 250 na msaada wake unakatika ukifika kilometa 25 kwa saa. Kwa barabara zetu hizi za mashimo, mwendo huo unatosha kabisa.

Shemeji yetu anayeishi Ubelgiji aliposikia, akasema kwa moyo mweupe, "Nitakuja nayo kwenye ndege, nitaifungua vipande." Ikabidi tumpigie simu haraka. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kabisa kwenye ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala la mizigo, na za baiskeli karibu zote zinazidi hapo. Mkipiga hesabu yenu: chukua volti zilizoandikwa kwenye betri, zidisha na ampea-saa zake. Volti 36 mara ampea-saa 7 unapata wati-saa 252. Shemeji angeishia kuiacha uwanja wa ndege.

Basi tukaenda Jumamosi tatu kutafuta hapa hapa mjini.

Jumamosi ya kwanza mzee alipenda dude moja nene, matairi kama ya trekta, taa mbele na nyuma, mota kubwa. Macho yakamtoka kama mtoto dukani. Muuzaji akaisifia mpaka mate yakamkauka. Mimi nikauliza swali moja tu: ina kilo ngapi? Ishirini na saba. Nikamwambia baba watoto aibebe begani azunguke nayo lile duka mara moja. Wewe fikiria hivi: ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Ongeza juu yake ndoo ndogo ya lita 7. Sasa panda nayo ngazi mpaka ghorofa ya tatu, jioni, baada ya kazi, na chini huwezi kuiacha kwa sababu asubuhi utakuta stendi peke yake. Alifika nusu ya duka akaiweka chini taratibu, akajifanya anaangalia saa.

Na kuna jambo jingine kuhusu uzito ambalo wauzaji hawalisemi. Betri ikiisha njiani, ile nzito inakuwa adhabu. Unanyonga chuma mfu. Nyepesi unaendelea nayo kama baiskeli yoyote. Kwa mtu aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, hilo si jambo dogo.

Jumamosi ya pili tulienda kwenye ile nyepesi hasa. Nzuri jamani! Kilo 15, haina gia, badala ya cheni ina mkanda wa mpira, hauhitaji mafuta wala hauchafui suruali. Betri imefichwa ndani ya fremu, huwezi hata kujua ni ya umeme. Mimi mwenyewe nilianza kulegea. Halafu tukaanza kuuliza. Betri inatokaje? Haitoki, mpaka fundi aifungue, kwa hiyo unachaji baiskeli nzima sebuleni. Mkanda ukikatika? Unaagizwa nje. Inawashwaje? Kwa programu ya simu. Na hapo ndipo mzee alipotikisa kichwa, kwa sababu alikuwa amesoma habari za VanMoof, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa maarufu kwa baiskeli za namna hiyo. Ilifilisika Julai 2023, na wateja wake wakabaki na hofu kwamba mitambo ya kampuni ikizimwa, baiskeli zao zitawagomea. Baadaye ilinunuliwa na wengine, lakini funzo alikuwa ameshalipata. Sisi tunaoishi mbali na kiwanda tunahitaji kitu ambacho fundi wa chini ya mwembe anaweza kukishika.

Jumamosi ya tatu tulipigiwa simu na jamaa anayefanya kazi kwenye nyumba ya wageni waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Baiskeli imetumika miaka miwili. Kilo 17. Cheni ya kawaida, gia saba nyuma. Mota iko kwenye gurudumu la nyuma, ndogo kama kopo la kahawa. Betri inatoka kwa ufunguo, ile ile ya wati-saa 252, na ina lebo ya EN 15194, kiwango cha Ulaya cha baiskeli za aina hii. Breki za diski, lakini zinavutwa kwa waya, si kwa mafuta, na hilo tulilipenda, maana waya wa breki hata Kariakoo utaupata kwa hela ndogo. Chaja ya asili ipo. Risiti ya mwanzo ipo, na ukinunua baiskeli iliyotumika usiache kuiomba, usije ukanunua machozi ya mtu.

Jambo moja nililigundua mimi mwenyewe, najisifu kidogo. Nilizijaribu zote tatu, mzee akinishika nyuma kama mtoto. Ile ya kwanza ukizungusha pedeli kidogo tu inaruka mbele ghafla, kwa sababu kifaa chake kinahisi tu kwamba pedeli inazunguka. Hii ya tatu inapima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, ukikanyaga taratibu inasaidia taratibu. Tofauti yake ni kama dereva mwanafunzi na dereva mzoefu wa klachi. Kwenye foleni, pale unapopenya kati ya bajaji na kioo cha gari la mtu, hiyo tofauti ndiyo salama yako.

Na matairi! Hapa tulikaribia kukosea, nanyi msikosee. Watu wanasema "tairi ya 28" kama vile ni moja. Zile baiskeli kubwa za chuma za wazee wetu zina 28, na hizi za kisasa nazo wanaziita 28, lakini rimu ya zile ni milimita 635 na ya hizi ni 622. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata ufanyeje, ingawa tyubu inaweza kukubali kwa shida. Soma namba zilizochongwa ubavuni. Yetu imeandikwa 40-622; ile 40 ni unene wake kwa milimita. Nyembamba zaidi ya hapo, kwa barabara zetu, ni kuomba pancha.

Walitaka shilingi 1,700,000. Tukavutana mpaka 1,600,000. Mzee aliipanda mpaka nyumbani. Ile elfu kumi iliyobaki, mpenzi msomaji, ikanirudisha mimi Upanga kwa bajaji.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Anatoka saa moja kasoro badala ya saa kumi na moja, anatumia kama dakika 25, anafika mkavu. Jua la alfajiri likimkuta juu ya Daraja la Tanzanite, hapo penye upepo wa bahari, ananitumia picha. Lile daraja lilifunguliwa 2022, mwaka uleule tuliouza gari, na ni zaidi ya kilometa moja. Kwa magari ni dakika moja, kwa mtu wa baiskeli ni starehe au vita, inategemea msimu. Wakati wa kaskazi upepo unamkabili anapokwenda Masaki na kumsukuma anaporudi. Ikija kusi inakuwa kinyume, asubuhi anateleza kama ngalawa na jioni analipia. Siku za upepo mbaya betri inapungua karibu nusu zaidi ya siku tulivu. Kwa kawaida hesabu zetu ni kwamba chaji moja inatoa kama kilometa 30, naye anatumia 14 kwa siku, kwa hiyo anachaji kila baada ya siku mbili.

Gharama ya umeme? Msicheke. Chaji kamili ni kama robo ya uniti, na kidogo inayopotelea kwenye chaja. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 400, ni shilingi mia na ushee. Dada wa kazi akipiga pasi za shule analamba Luku kuliko ile baiskeli.

Lakini ile bahari inayotupa picha nzuri ina chumvi. Ndani ya wiki tatu cheni ikaanza kuwa nyekundu, na vile vidude vya shaba vinavyogusana na betri vikaanza kufanya ukungu wa kijani. Sasa kila jioni kuna kitambaa mlangoni, anafuta cheni, vidude na spoki kabla hajaingia. Jumapili anatia mafuta ya cheni, matone, si kumwaga. Ukiipeleka kwa vijana wa kuosha magari waambie wasipige mashine ya maji kwenye mota na betri. Maji ya mvua yanavumilika. Maji ya presha yanapenya.

Betri yenyewe ilileta kikao cha familia. Nilisoma habari za New York, ambako mwaka 2023 pekee watu 18 walikufa kwa moto uliosababishwa na betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta. Nikamwambia mzee, kitu hiki hakilali kikichaji ndani ya nyumba yenye watoto wangu. Tukaweka masharti. Inachajiwa jioni tukiwa macho, kwa chaja yake ya asili peke yake. Inakaa kwenye sakafu ya vigae, mbali na pazia na kochi, na kamwe si karibu na mlango, kwa sababu moto ukitokea mlangoni sisi wa ghorofa ya tatu tutapitia wapi? Ikitoka juani inaachwa ipoe kwanza. Ikianguka, ikivimba au ikitoa harufu, inatoka nje na hairudi. Na haiachwi tupu kwa siku nyingi wala kushindiliwa asilimia 100 bila safari. Tukienda Tanga kwa mama mkwe tunaiacha kama nusu. Betri za namna hii zinachakaa taratibu hata ukizitunza; baada ya chaji kamili mia tano au zaidi, uwezo wake unakuwa umeshuka, na betri mpya ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Kwa hiyo bahasha imerudi. Safari hii imebandikwa kwenye jokofu, imeandikwa BETRI kwa kalamu nyekundu, na kila mtu mwenye nyumba hii anajua kuna shilingi ngapi.

Watu je? Watu walisema. Walinzi ofisini kwake walimpa jina, wakawa wanamuuliza "Boda, Mwenge bei gani?" Hilo alilichukulia kiume. Lililonikera mimi ni wifi, dada yake mkubwa, kunipigia simu saa tatu usiku: "Wifi, umeshindwa kumtunza kaka yetu mpaka anaendesha baiskeli mbele za watu?" Nikakumbuka gari liliuzwa kwa ajili ya nani. Nikakumbuka na adabu. Nikamjibu, "Dada, pressure yake imeshuka, njoo Jumapili umpime mwenyewe." Alikuja. Alikula pilau, akaizunguka ile baiskeli mara mbili, akabonyeza kengele.

Halafu masika yakaingia.

Ilikuwa Alhamisi. Mvua ilinyesha mchana kutwa, barabara imejaa maji, shimo halionekani. Gurudumu la mbele likazama, yeye akaruka juu ya usukani. Mkono ulivimba, goti likachanika, lakini kofia ngumu ndiyo iliyopasuka, si kichwa. Aliyeniletea nyumbani ni dereva wa bajaji ambaye hakutaka hata nauli. Nilipoona ile kofia imepasuka kama nazi, miguu ilinikataa.

Sasa naungama mbele yenu. Alipopona na kusema Jumatatu anarudi barabarani, nilichukua chaja nikaificha ndani ya furushi la kanga zangu, nikamwambia imeungua. Nikasema fundi anaitafutia nyingine. Mimi! Niliyemsomesha mtu mpaka saa nane usiku kuhusu uongo wa kheri.

Hakubishana. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango. Nilichungulia dirishani, nikamwona anakatiza barabara kwa miguu, begi mgongoni, taulo linaning'inia. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano usiku nilimkuta amekaa jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na furushi la kanga liko mezani, limefunguliwa. Hakusema kitu. Alinisogezea kiti.

Nikamwambia, "Naogopa."

Akasema, "Ndivyo ungesema."

Tukapanga upya, kwa sauti. Mvua ikinyesha hapandi, anachukua bajaji na mimi sihesabu mtu elfu kumi, inatoka kwenye droo ambayo wote tunaifungua. Kofia mpya tulinunua siku ileile, maana kofia iliyopata kishindo haifai tena hata ikionekana nzima. Tuliongeza kioo kidogo kwenye usukani na taa ya nyuma inayowaka hata mchana. Pedi za breki tulikuta zimekwisha, kitu ambacho tungekiona mapema kama tungetazama, na huenda ndicho kilichomwangusha. Akifika ananitumia neno moja tu, "Masaki." Akirudi, "Ngazi." Maana yake yuko chini anaibeba.

Na mguu wangu? Jumapili iliyopita asubuhi, Barack Obama Drive ikiwa nyeupe haina magari, nilisema nami nijaribu, safari hii bila kushikwa. Mtandio nikaufunga kiunoni usije ukaingia kwenye spoki, gauni nikalibana na vibanio vya nguo. Mzee akashusha siti, akaweka msaada kwenye namba moja, akanisukuma kidogo. Upepo wa bahari ukanipiga usoni, nikasikia ile mota inanisogeza kama mtu anayeniwekea mkono mgongoni, nikapiga kelele kama msichana wa darasa la sita. Nilikwenda vizuri mpaka nilipokumbuka sijui kusimama. Pedeli ikanichubua ugoko. Alikimbia kunifuata anacheka mpaka machozi, mume wangu, na tumbo halimtikisiki tena.

Fremu yake ina bomba juu, kwa mwanamke wa gauni ni shida kupanda na kushuka. Nimeona moja ya kike, bomba limeshuka chini, kilo 16, cheni ya kawaida, betri inatoka. Pesa sijatimiza. Nimemwambia baba watoto ni ngapi, na bahasha iko wapi.

Barua zenu kuhusu mawifi nimezipata, ni kibao, na mengine mliyoandika sithubutu kuyachapa. Tutayachambua mwezi ujao.